Ukipokea mbwa kijana mwenye nguvu, soma hii mbele ya kumufunga mnyororo

Wiki hii siandiki juu ya mihogo wala mbolea. Watu watatu wameniandikia swali moja kwa nyakati tofauti: nimepewa mbwa kijana, anarukia wageni, anakula viatu, anakimbiza kuku, nifanye nini? Mumoja wao alisema akishindwa atamupeleka mbali, amuachilie huko apotee. Njo maana nimeona niandike mara moja kwa wote. Nitaeleza kupitia kosa langu mwenyewe, na kosa hilo lililipwa na mutoto wa jirani.

Munajua hali yetu. Nilimaliza lisansi ya agronomia, nikatembeza dosie mpaka viatu vikaisha, halafu nikaamua kufuga sungura nyuma ya nyumba tunayopanga na yaya yangu hapa Bukavu. Wezi waliingia mara mbili. Mara ya pili walibeba majike saba, wanne wakiwa na mimba. Ukifuga sungura unajua hesabu hiyo: jike anabeba mimba siku 31 hivi, kwa hiyo walichukua pia pesa ya miezi iliyokuwa inakuja. Wakati huo familia moja ilikuwa inahamia Kinshasa na haikuwa na pa kumuacha mbwa wao. Miezi tisa, dume, rangi ya kahawa iliyokaangwa, jina lake Tyson. Nikasema Mungu amenisikia.

Nilipofika kumuchukua nilimukuta chini ya muti wa avoka, amefungwa mnyororo mufupi. Udongo ulikuwa umekanyagwa mpaka ukawa duara safi kabisa, jani moja halikubaki. Nilisoma udongo miaka yote hiyo na bado sikusoma ile duara. Ilikuwa inaniambia kwamba huyu mbwa tangu utoto amezunguka pale pale, hajajua kutembea njiani, hajazoea watoto wa wengine, hajakutana na kuku bila kumutamani kwa mbali.

Kuna kitabu cha mwaka 1965 cha Wamarekani wawili, Scott na Fuller, waliochunguza tabia za mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor. Walitumia mbwa wa aina tano, na mojawapo ni basenji, ambaye asili yake ni huku kwetu Congo, yule mbwa mudogo wa pori asiyebwekaka kama wengine. Walionyesha kwamba kuna kipindi cha utoto, tangu wiki ya 3 mpaka karibu wiki ya 12, ambapo mbwa anajifunza haraka sana nani ni wa kwao na kitu gani si cha kuogopa. Anachokosa kuona katika kipindi kile, baadaye anakishangaa au anakiogopa. Haimaanishi ameharibika. Inamaanisha utafanya polepole kitu ambacho kingefanyika haraka. Na kisha, kati ya miezi 6 na mwaka mumoja na nusu hivi, anaingia ujana: mwili wa mukubwa, akili ya mutoto, nguvu zisizojua pa kwenda. Mbwa wengi wanatupwa au kuuawa katika umri huo, juu mwenyewe anadhani amepata mbwa mubaya, kumbe amepata mbwa kijana.

Mimi sikujua hayo. Siku ya kwanza nilimufungua mnyororo ndani ya parseli mbele ya watu wote, nikiwa na kiburi cha kuonyesha mulinzi wangu mupya. Watoto walipiga makelele, yeye akakimbia kila upande, akaangusha nguo kwenye kamba, akakojoa ku mufuko wa makaa. Watu walicheka. Kwa siku nane zilizofuata nilifanya vile tunafanyaka wote: muchana kumufunga, usiku kumufungua, akirukia mutu anapigwa fimbo, akibweka anarushiwa kiatu. Yaya alikuwa anamuambia "toka," watoto wake "shuka," mimi "kushe," kwa ile Kifaransa tunayoongeleshaka mbwa utadhani wote walisoma kwa mapadri. Neno moja hakulielewa.

Siku ya tisa, mutoto wa jirani, miaka minane, aliingia na bidon kuchota maji kwenye robine yetu. Mnyororo ulikuwa umechomoka ukutani. Mutoto aliona mbwa, akatupa bidon, akakimbia. Na hapa nataka musome vizuri: kitu kinachokimbia, mbwa kijana anakifuata. Haulizi kama ni kuku, mupira au mutoto. Alimufikia ku lango akamushika muguu kwa meno. Halafu akamuachia, akarudi nyuma akitingisha mukia. Kwake ilikuwa muchezo. Kwa mutoto ilikuwa matundu mawili yanayotoka damu.

Kwa dakika tano parseli ilijaa. Vijana walikuja na fimbo na mawe. Mama wa mutoto alinitazama akasema, "Kijana, iyi imbwa yako inataka kutumalizia batoto?" Sikuwa na jibu. Aliyefanya kitu cha maana ni yaya yangu. Hakumutazama mbwa wala mimi. Alimubeba mutoto mpaka kwenye robine, akachukua sabuni ya kufulia, akaosha kidonda na maji yanayotiririka kwa muda murefu, mutoto akilia. Ni dakika 15 zinazotakiwa, kwa saa, si kwa kukisia. Yaya hakusoma agronomia, lakini aliwahi kusikia hiyo kwenye radio na alishika.

Kisha munganga kwenye kituo cha afya akauliza swali ambalo bado linanisumbua: "Karti ya chanjo ya mbwa iko wapi?" Haikuwepo. Nilikuwa nimejiambia nitamuchanja nikishauza sungura wawili. Wandugu, sungura wawili.

Kichaa cha mbwa si mambo ya kuhadithia watoto. Ni virusi vinavyopita ku mate, vinaingia kwa kidonda, vinapanda polepole kupitia mishipa ya fahamu mpaka ku ubongo. Mutu akishaanza kuonyesha dalili, kama kuogopa maji na kuchanganyikiwa, karibu hakuna anayepona. Lakini kati ya kuumwa na dalili kuna muda, mara nyingi wiki kadhaa au miezi, na chanjo ikitolewa mapema ndani ya muda huo inaokoa. Pasteur alionyesha hivyo tangu Julai 1885 kwa mutoto wa Kifaransa wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa, na yule mutoto aliishi. Kwa hiyo hamungojei kuona kama mbwa ataugua ndiyo mupeleke mutoto. Munaosha, munaenda, munaanza. Kituo cha kwanza hakikuwa na chanjo siku ile, tulipanda moto mbili tukaenda kwingine, sindano ya kwanza akaipata jioni ile ile, na zingine siku ya 3 na ya 7, na kuendelea vile munganga alipanga. Nililipa kwa kuuza sungura. Si wawili.

Tuliporudi vijana bado walikuwa pale, na fimbo zao. Shefu wa avenyu aliingia kati. Munganga wa nyama aliyefika naye alieleza kitu ambacho wengi hawakijui: mbwa mwenye kichaa anayeweza kuambukiza wakati anaumana, yeye mwenyewe anaugua au anakufa katika siku chache. Kwa hiyo akifungwa mahali salama na kuangaliwa siku 10, na siku ya kumi bado anakula, anakunywa, anatembea sawa, basi siku ile aliyouma hakuwa akitoa virusi ku mate. Mukimuua leo na kumutupa ku mufereji, familia ya mutoto itabaki na mashaka, bila jibu. Chanjo ya mbwa nayo haikutolewa wakati huo, ilingoja siku 10 ziishe, ili isichanganye mambo. Shefu aliamua: mbwa anafungiwa, mimi peke yangu namukaribia, na kwa tahadhari, gharama zote ni zangu. Mwenye parseli akaongeza neno lake: baada ya hapo nina mwezi mumoja, akirukia tena mutu, tunahama sisi na mbwa wetu.

Siku hizo 10 sikulala vizuri. Kila asubuhi nilikuwa naenda kwanza kuangalia kama amekunywa maji. Mama wa mutoto alikuwa anasimama ku lango, haingii, anauliza tu: "Imekula?" Namujibu, "Amekula, Mama." Anaondoka.

Na njo katika siku hizo mafundisho yalianza, karibu bila kupenda. Sikuruhusiwa kumugusa. Nilikuwa nakaa ku kiti, mbali na mwisho wa kamba yake, na sambaza wakavu ndani ya mufuko. Sambaza ni wadogo, wananuka vizuri kwa mbwa, na wa faranga kidogo wanatosha wiki. Jambo la kwanza nililobadilisha ni jina. Tyson lilikuwa limeshachanganywa na fimbo na viatu, akilisikia anajikunja. Pia watu wakisikia Tyson wanaokota jiwe mapema. Nikamuita Kahawa. Nasema "Kahawa," akigeuza tu macho, namurushia sambaza. Mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni. Siku ya tatu alikuwa anageuka kabla sijamaliza neno.

Siri kubwa ni wakati. Zawadi inatakiwa ifike ndani ya sekunde moja au mbili baada ya kitendo. Ikichelewa, unalipa kitu kingine. Mbwa amekaa, wewe unatafuta sambaza mufukoni, yeye amesimama na kuruka, halafu unamupa: umemufundisha kuruka. Adhabu iko vile vile, tena mubaya zaidi. Unarudi jioni unakuta kiatu kimekulwa, unamupiga. Kiatu alikikula saa nne. Anachojifunza ni kwamba wewe ukirudi nyumbani kuna maumivu. Ile sura tunayosema "anajua alikosa" ni hofu ya uso wako, si toba.

Kwa maneno nilichagua Kiswahili chetu, juu hicho ndicho watoto wa parseli watasema bila kufundishwa: "ikala," "kuya," "acha." Matatu basi. Niliwaita yaya na watoto wake tukakubaliana kama kwenye mukutano, nani asilete neno lingine. Nyumba yenye watu sita na maneno sita ya kukataza kitu kimoja haina mbwa mutukutu, ina walimu sita wasioelewana.

Kuruka juu ya watu kulichukua muda. Ukimusukuma kwa mikono, kwake ni muchezo. Ukipiga kelele, ni muchezo mukubwa zaidi. Nilikuwa nageuka tu, namupa mugongo, kimya, mikono kifuani. Miguu minne ikigusa chini, sambaza inaanguka chini, si hewani. Nawaonya: kwa siku mbili za kwanza itazidi. Alikuwa amezoea kwamba kuruka kunaleta watu, na sasa haikuleti, basi anajaribu kwa nguvu mara mbili. Wengi wanaachia hapo hapo, wanasema njia hii ni ya Wazungu. Ukivumilia siku ya tatu na ya nne, inashuka yenyewe.

Siku ya kumi munganga wa nyama alikuja, akamuangalia macho, namna ya kumeza, namna ya kutembea. Akaandika kwamba ni muzima. Nilienda mwenyewe kwa Mama wa mutoto na karatasi mukononi. Alikaa chini ku ngazi ya nyumba akafunika uso. Tulikaa pale bila kusema. Munganga wa kituo aliendelea kumufuata mutoto mpaka mwisho, hiyo ilikuwa kazi yake. Kahawa akachanjwa baadaye kidogo, na sasa karti yake iko ndani ya dosie yangu, juu ya diplome. Chanjo hiyo mbwa anaweza kuipata tangu miezi 3, na inarudiliwa vile karti inaonyesha. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa katika eneo, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Fikirieni avenyu yenu, muhesabu.

Ilibaki ile nguvu. Wandugu wa agro watanielewa: sisi wa Bukavu tunajua maji ya mvua ku mulima. Ukiyajengea ukuta bila kuyaachia njia, yanangoja, halafu yanaangusha ukuta na nyumba ya jirani. Unayachimbia mufereji wa kukata muteremuko, yanapungua mwendo na kuingia ardhini. Mnyororo ule mufupi ulikuwa ukuta. Kila saa aliyofungwa ilikuwa inajaza maji.

Kwa hiyo saa kumi na moja na nusu asubuhi, mbele watoto hawajatoka, tunatembea na kamba ngumu ya mita mbili dakika 40. Akivuta, nasimama kama muti. Kamba ikilegea, tunaendelea. Siku ya kwanza hatukufika hata kwa jirani wa tatu, na motari mumoja aliniuliza kama nauza mbwa au nauza kamba. Na kumbe kutembea peke yake hakuchoshi mbwa kijana kama kunusa kunavyomuchosha. Chakula chake nusu siiweki tena ku sahani: namwaga sambaza na vipande vya bugali ndani ya majani ya mahindi makavu, anatafuta na pua nusu saa, kisha analala kama mutoto aliyetoka masomo. Kulala nako watu wanakudharau. Mbwa wa umri huu anahitaji usingizi mwingi, zaidi ya nusu ya siku, na asiyelala anakuwa na wazimu wa jioni, anauma kila kitu. Nilimutengea kona yenye gunia, na sheria ya watoto ni moja: Kahawa akiwa ku gunia, hakuna anayemugusa.

Kuhusu sungura sikukimbia. Wiki nzima alikaa mita kumi kutoka vibanda, kamba mukononi mwangu. Akitazama sungura kisha akanitazama mimi, sambaza. Akikaza mwili na kunyamaza, macho hayatoki kwa sungura, tunarudi mita tatu, bila hasira. Leo analala mbele ya vibanda. Lakini sitawadanganya: sijawahi kumuacha peke yake na kibanda wazi, na sitamuacha. Kuku wa mwenye parseli alimushika mumoja, wiki ya pili, muchana nilipoingia kunywa maji. Nililipa kuku. Kosa lilikuwa langu, kamba ilikuwa chini.

Chakula kwa ufupi: bugali na sambaza na mabaki ya nyama yasiyo na kitunguu, maji safi wakati wote, mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inavunjika kama sindano. Dawa ya minyoo muulize munganga wa nyama, usipime kwa macho.

Wezi? Walikuja mara moja mwezi uliopita. Kahawa hakuuma mutu. Alibweka, na juu sasa habweki ovyo muchana, avenyu nzima ilijua kuna kitu. Mwenye parseli hajasema tena habari ya kuhama. Amesema tu kuku wake walipwe kwa wakati.

Mutoto, ndiyo, najua mutauliza. Muguu umepona, kovu mbili ndogo. Sikumulazimisha kumugusa mbwa, na Mama yake pia hakutaka haraka, ana haki. Wiki jana alisimama nje ya lango, akasema kwa sauti ndogo, "Kahawa, ikala." Kahawa akaikala. Mutoto akamurushia sambaza kupitia chuma za lango, akacheka, akakimbia, na nilikuwa nimeshika kamba kwa mikono miwili. Kwenye robine yetu hajarudi bado. Kila asubuhi anaacha bidon yake ku lango, mimi naijaza, namurudishia pale pale.